Bonde la Kerio: Jinsi hatari ya maporomoko ya ardhi inavyopimwa

MAPOROMOKO ya ardhi yaliyoikumba Chesongoch, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, yaliua zaidi ya watu 25 na kuwaacha wengine wasijulikane waliko.

Huo haukuwa mkasa wa kwanza mahali hapo. Mnamo 2010 na tena 2012, maporomoko yaliua watu katika eneo lilo hilo. Kaskazini zaidi, kwenye mpaka na Pokot Magharibi, tope na mawe vilisomba soko la Chesogon mwezi Aprili 2020. Miezi mitano kabla ya hapo, Novemba 2019, zaidi ya watu 40 waliangamia Pokot Magharibi vijiji vya milimani kama Nyarkulian na Parua vilipofunikwa na udongo.

Kila baada ya mkasa wa aina hii huulizwa swali moja: Je, haikujulikana kwamba mlima ungeporomoka?

Ilijulikana. Wazee wa bonde wanajua, wanajiolojia wanajua, na makovu yaliyo mlimani yanaonekana hata kutoka barabarani. Ambacho hakikuwa kimepimwa ni kitu kingine: ni nyumba zipi ziko njiani, mara ngapi tope hufika hapo, na ni watu wangapi huwa wamelala ndani linapofika. Maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha kulijua tishio na kuipima hatari.

Ukuta na bonde

Mto Kerio hutiririka kuelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Magharibi mwake ardhi huinuka kama ukuta. Sakafu ya bonde iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vya Milima ya Cherangany hupita mita 3,000, na umbali kati ya sehemu hizo mbili haufiki kilomita 20.

Mito kama Embobut na Arror hushuka ukuta huo kwa kasi kubwa. Ifikapo chini na kukuta ardhi tambarare, hupoteza nguvu na kutua mzigo wake wa mchanga, udongo na mawe. Baada ya maelfu ya miaka, mzigo huo umejenga malundo mapana yenye umbo la pembetatu, ncha yake ikiwa kwenye mdomo wa korongo na kitako chake kikielekea Mto Kerio.

Juu ya malundo hayo ndipo watu wamejenga. Kuna sababu. Udongo wake ni laini na una rutuba kwa kuwa umetoka juu mlimani. Maji yako karibu. Ardhi imeinama kiasi cha kutosha kupitisha maji ya mifereji ambayo Wamarakwet wameichimba na kuitunza kwa karne kadhaa, mingine ikining'inia juu ya majabali kwa magogo na mawe.

Zaidi ya hayo, sehemu za chini kabisa ya bonde zina joto kali na malaria, na kwa miaka mingi zimesumbuliwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo. Aishiye karibu na ukuta huona mbali na ana pa kukimbilia. Mtu akisema kwamba wakazi hao walijenga mahali pabaya kwa ujinga, basi hajawauliza.

Hata hivyo, ukweli unabaki kuwa lundo lenyewe ni ushahidi. Kila tabaka la mawe na tope lililo chini ya sakafu ya nyumba lilifika hapo kwa njia ile ile ambayo tabaka litakalofuata litafika.

Tishio na hatari

Wataalamu wa maafa hutofautisha maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Tishio ni tukio la ardhi lenyewe: mteremko fulani unaweza kuporomoka, kwa ukubwa fulani, mara moja katika kipindi fulani cha miaka. Hatari huzaliwa tishio hilo likikutana na watu, nyumba, shule, barabara au mifugo, na hukua au kupungua kulingana na jinsi vitu hivyo vilivyo wepesi wa kudhurika.

Mteremko unaoporomoka kila mwaka mahali pasipo na mtu ni tishio kubwa lenye hatari ndogo. Kijito kinacholeta tope mara moja katika miaka 50, lakini kikapita katikati ya bweni la shule, ni tishio la wastani lenye hatari kubwa mno.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kaunti ikipewa ramani ya tishio peke yake, itakuta karibu ukuta wote umepakwa rangi nyekundu, kutoka Kapsowar hadi mpaka wa Pokot. Ramani kama hiyo haimwambii afisa yeyote aanzie wapi. Kila mahali pakiwa pekundu, fedha za bajeti hazitajua ziende kwa nani.

Kusoma makovu

Kazi ya kwanza ya mpimaji ni kuorodhesha maporomoko yaliyokwisha kutokea. Msingi wake ni rahisi: ardhi iliyoporomoka zamani katika hali fulani inaelekea kuporomoka tena hali hiyo ikirudi.

Picha za setilaiti na za ndege husaidia sana. Kovu jipya huonekana kama mstari wa kahawia ulioparuliwa katikati ya kijani. Lakini katika mlima wenye mvua nyingi, kovu dogo hufunikwa na vichaka baada ya misimu michache, na lililo chini ya miti mirefu huenda lisionekane kabisa. Kwa sababu hiyo, mpimaji asiyetembea kwa miguu hupata orodha pungufu.

Ramani za mwinuko nazo zina mipaka yake. Vipimo vya bure vinavyotumiwa zaidi Afrika vilipigwa na chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000, na kila nukta yake huwakilisha kipande cha ardhi chenye upana wa takriban mita 30. Korongo lenye upana wa mita tano, ambalo linatosha kabisa kupitisha tope la kuua familia nzima, halionekani katika ramani hiyo.

Hapo ndipo kumbukumbu za wenyeji zinapokuwa na thamani ya kisayansi. Wazee wa Kimarakwet, kama Wakalenjin wengine, huhesabu miaka kwa marika. Mzee akieleza kuwa tope lilipita mahali fulani wakati vijana wa Nyongi au wa Kimnyigei walipokuwa wakitahiriwa, ametoa tarehe inayoweza kukadiriwa. Wazee watatu wa koo tofauti wakitaja tukio lilo hilo, mpimaji amepata kitu ambacho hakuna setilaiti ya miaka ya 1930 ingeweza kumpa, kwa sababu haikuwepo.

Watunzaji wa mifereji wanajua mengi pia. Mfereji ukihamishwa kwenda juu au chini, mara nyingi ni kwa sababu ardhi chini yake ilikwenda. Historia ya matengenezo ya mfereji mmoja ni historia ya mteremko unaoubeba.

Kinachoshusha ardhi

Maporomoko hayafanani, na kila aina hupimwa kivyake. Kuna kuanguka kwa miamba kutoka kwenye majabali wima. Kuna ardhi inayotambaa polepole, ikipasua kuta za nyumba mwaka hadi mwaka bila kumwua mtu. Kuna udongo wa juu unaochubuka kutoka kwenye mwamba ulio chini yake. Na kuna mtiririko wa tope na mawe, ambao huanza kama mchubuko mdogo kule juu, huingia kwenye korongo, hubeba kila uliokikuta njiani na kufika chini ukiwa mkubwa mara nyingi kuliko ulivyoanza. Huu wa mwisho ndio muuaji mkuu katika mabonde ya aina ya Kerio.

Katika sehemu za Marakwet, mwamba wa chini ni wa kale sana, uliobadilishwa kwa joto na mgandamizo wa ndani ya dunia. Juu yake kuna udongo uliotokana na kuoza kwa mwamba huo. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupenya udongo upesi, lakini hukwama yanapofika kwenye mwamba. Hujikusanya hapo na kuusukuma udongo kutoka chini, hadi mshiko wake unapozidiwa na uzito wake. Miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 25 na 45 ndiyo huathirika zaidi, kwani iliyo mikali kuliko hapo kwa kawaida haina udongo mwingi wa kuporomoka.

Mpimaji huangalia pia mambo ambayo mwanadamu ameongeza. Barabara iliyochongwa mlimani huukata mteremko mguu. Mfereji unaovuja humwaga maji mahali pamoja usiku na mchana. Shamba lililolimwa kutoka juu kwenda chini huyapa maji njia.

Kuhusu miti, yanasemwa mengi, na si yote ni sahihi. Mizizi hushika udongo wa juu, kwa hiyo kufyeka msitu kwenye mteremko mkali huongeza michubuko. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba nguvu hiyo haipotei siku mti unapokatwa. Hupungua kadiri mizizi inavyooza, na mteremko huwa dhaifu zaidi miaka kadhaa baadaye, wakati aliyekata amekwisha kusahaulika. Pia, mizizi haifiki kwenye maporomoko ya kina kirefu. Kupanda miche ni kazi njema, lakini mche wa mwaka huu hauilindi nyumba iliyo kwenye mdomo wa korongo msimu ujao.

Ramani isiishie mlimani

Kosa linalojirudia katika ripoti nyingi ni kupima mahali maporomoko yanapoanzia na kusahau mahali yanapoishia. Ramani huonyesha mteremko mkali kwa rangi nyekundu na uwanda wa chini kwa kijani, kana kwamba tope husimama penye mstari.

Huko Bududa, kwenye Mlima Elgon upande wa Uganda, maporomoko ya Machi 1, 2010 yalikizika kijiji cha Nametsi. Idadi ya waliokufa ilikadiriwa kupita 300. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamejikinga mvua katika zahanati. Jengo la umma, imara kuliko nyumba za jirani, lilikuwa limesimama katika njia ya udongo.

Tanzania nayo ilipata somo kama hilo Desemba 3, 2023. Tope lililotoka Mlima Hanang lilishuka hadi mji wa Katesh, ulio chini ya mlima, likafunika nyumba na soko na kuua zaidi ya watu 80. Waliokufa hawakuwa wote wakazi wa mteremkoni.

Kwa hiyo mpimaji wa bonde hulifuata kila korongo kutoka juu hadi chini. Hupima ukubwa wa mawe yaliyolala kwenye lundo, kwani jiwe kubwa kama matatu halikuletwa na maji ya kawaida. Huchimba mashimo kuona matabaka. Huangalia iwapo mto umewahi kuhama, maana kwenye malundo haya mkondo unaweza kuziba kwa mawe katika usiku mmoja na kujitafutia njia nyingine katikati ya mashamba.

Mvua kiasi gani?

Mwaka wa 1980 mtafiti Nel Caine alikusanya kumbukumbu za maporomoko 73 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akatafuta kiwango cha chini kabisa cha mvua kilichoyaanzisha. Kwa kanuni yake, mvua ya karibu milimita 15 ndani ya saa moja, au ya karibu milimita 100 ndani ya siku nzima, inatosha kuanzisha michubuko ya udongo wa juu.

Kiwango hicho ni mwongozo tu. Kila bonde lina chake, na udongo uliokwisha kulowa kwa wiki tatu hauhitaji mvua nyingi. Mwishoni mwa 2019, Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na mvua za vuli zikazidi kipimo kwa wiki nyingi. Pokot Magharibi ilipopata mvua ya usiku wa Novemba 22, milima ilikuwa tayari imeshiba maji.

Tatizo la mabonde mengi ni kwamba vipimamvua viko mijini au kwenye vituo vya kilimo, mbali na vyanzo vya makorongo. Mvua ya radi inaweza kunyesha Embobut huku soko la chini likiwa na vumbi. Kipimamvua cha gharama ndogo kinachosomwa na mwalimu wa shule iliyo juu mlimani kina faida kuliko ripoti nene isiyo na takwimu za mahali hapo.

Hesabu ya nyumba moja

Hatari inaweza kuwekwa katika tarakimu. Chukua mfano wa nyumba iliyo kwenye lundo ambapo, kwa ushahidi wa makovu na wazee, tope hufika mara moja katika miaka 100. Uwezekano wa kila mwaka ni 0.01. Ikiwa mkazi wake huwa nyumbani kwa asilimia 60 ya saa zote, na ikiwa nusu ya wanaopigwa na tope ndani ya nyumba ya udongo hufa, basi hatari yake ni 0.01 mara 0.6 mara 0.5, yaani 0.003, au watu watatu kati ya 1,000 kwa mwaka.

Hong Kong, iliyoanzisha ofisi maalumu ya kusimamia miteremko mnamo 1977 baada ya maporomoko mabaya ya 1972 na 1976, hutumia kipimo cha mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka kama ukomo wa hatari inayovumilika kwa watu wanaoishi karibu na miteremko ya zamani. Nyumba ya mfano wetu imeupita ukomo huo mara 30.

Na hesabu hiyo ni ya upole. Mikasa ya Pokot Magharibi mwaka 2019, ya Chesogon 2020 na ya Chesongoch 2025 ilitokea giza likiwa limeingia, wakati karibu kila mtu yuko ndani. Tope likiwa na tabia ya kuja usiku, ile asilimia 60 inapaswa kusomwa kama 90 au zaidi.

Faida ya hesabu si usahihi wake, kwa kuwa kila tarakimu ni makadirio. Faida yake ni kuonyesha ni ipi inayoweza kubadilishwa. Serikali haiwezi kupunguza marudio ya maporomoko kwa haraka. Inaweza kupunguza idadi ya wanaolala njiani usiku wa mvua kubwa.

Kuhama na kubaki

Suluhisho linalotajwa kwanza ni kuwahamisha watu. Uganda iliwahamishia mamia ya familia za Bududa hadi Kiryandongo, mbali na mlima. Baadhi walirudi. Waliacha migomba, kahawa, makaburi na majirani, na nchi tambarare haikuwa na kitu cha kuvifidia.

Huko Marakwet, suala hili lina historia nzito. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi katika msitu wa Embobut kabla ya kuondolewa kwa wakazi mnamo 2014 walikuwamo watu waliofukuzwa na maporomoko ya miaka iliyotangulia. Walikimbia tishio moja wakaingia katika mgogoro mwingine, na waliporudishwa chini, baadhi hawakuwa na ardhi nyingine isipokuwa ile iliyowafukuza.

Ardhi ya ukoo huku kwa kawaida ni ukanda unaoshuka kutoka juu mlimani hadi sakafu ya bonde. Mpango wa kuhama usiozingatia kanda hizo utamweka mtu kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na hiyo ni hatari ya aina nyingine. Lakini ukanda huo huo unaweza kuwa na sehemu iliyo mita 200 kando ya korongo ambayo tope halijawahi kuifikia. Ramani ya nyumba kwa nyumba inaweza kuionyesha. Ramani ya kaunti nzima haiwezi.

Katiba ya 2010 imeigawa kazi ya kukabiliana na maafa kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Kaunti ndiyo inayopanga matumizi ya ardhi na kuidhinisha majengo. Kwa hiyo shule mpya, zahanati mpya au bweni jipya likitaka kujengwa kwenye mdomo wa korongo, mahali pa kulizuia ni kwenye meza ya idhini.

Kwa wanaobaki, na wengi watabaki, kipimo cha hatari hugeuzwa kuwa maelekezo. Kila nyumba inapaswa kujua inahamia wapi mvua ikipita kiwango kilichokubaliwa, na mahali hapo pawe pamekaguliwa kabla, pasiwe zahanati ya Nametsi nyingine.

Dalili za kuangaliwa zinajulikana: nyufa mpya zenye umbo la nusu mwezi juu ya mteremko, milango inayokataa kufungika, miti iliyoinama, chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji, mfereji unaokauka ghafla kwa kuwa umekatika kule juu. Sauti ya mawe yakigongana ndani ya korongo ina maana kwamba muda uliobaki ni wa dakika, pengine pungufu.

Ipo dalili moja inayowadanganya wengi. Mto ukipungua maji ghafla ilhali mvua ingali inanyesha mlimani, huenda udongo umeuziba juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Wanaoliona hilo wasishuke mtoni kutazama wala kuvuka. Watoke korongoni kwa kukimbilia pembeni na juu, kamwe si kwa kulifuata korongo kwenda chini, na wasirudi kuchukua mali hadi mto utakaporudia wingi wake wa kawaida na mtu wa juu ya mlima athibitishe kwamba kizuizi kimekwisha kupasuka.